Kudhibiti

Neno hili twalitumia kwa moto, kwa mfumuko wa bei, hata kwa mpira uwanjani. Likitajwa pamoja na bunduki za Marekani, mmoja husikia kunyang'anywa, mwingine husikia kumkagua mnunuzi tu. Kura za maoni huyumba hapohapo. Waulize Wamarekani kama rekodi ya kila mnunuzi ichunguzwe, zaidi ya wanane kati ya kumi watakubali. Waulize kama sheria zikazwe, na idadi hiyo hushuka sana. Tena mwaka 2016, wapiga kura wa jimbo la Maine waliukataa uchunguzi huo kwa mauzo baina ya watu binafsi. Wahariri wenzangu, mnapochapa asilimia, chapeni na swali lenyewe, neno kwa neno, pamoja na majibu waliyopewa wahojiwa wachague.