Weizenbaum na Mashine Isemayo: Suala la Kuweza na Kustahili

Katika mwaka wa 1966 Joseph Weizenbaum, mwalimu wa chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza programu ya kompyuta aliyoiita ELIZA, kwa jina la binti afunzwaye kusema kama mabibi wakubwa katika Pygmalion, tamthilia ya Bernard Shaw. Programu hiyo iliigiza tabibu wa nafsi, ikajibizana na mtu kwa maandishi. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: ilitafuta neno maalumu katika sentensi ya msemaji, ikageuza nafsi ya kwanza kuwa ya pili, kisha ikamrudishia maneno yake mwenyewe. Aliyemtaja mama yake aliombwa aeleze zaidi habari za jamaa yake. Maana ya neno “mama” mashine haikuijua kabisa.

Kilichomshtua Weizenbaum ni imani ya watu. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitunga programu hiyo kwa miezi mingi, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Aidha, tabibu Kenneth Colby na wenzake waliandika mwaka huo huo kwamba mfumo wa aina hiyo ungeweza kuhudumia mamia ya wagonjwa kwa saa moja.

Weizenbaum alijibu mwaka 1976 katika kitabu chake Computer Power and Human Reason. Alishikilia kwamba, hata kama mashine ingeweza, ziko kazi isizostahili kupewa, hasa zile zihitajizo heshima na huruma baina ya mtu na mtu, kama hukumu ya kadhi na uuguzi wa nafsi. Alionya pia kwamba programu kubwa mno, zisizoeleweka na mtu yeyote, huwapa watawala kisingizio cha kukana dhima. Onyo hilo lilikuwa na uzito wa pekee kutoka kwa Myahudi aliyezaliwa Berlin mwaka 1923, ambaye jamaa yake iliukimbia utawala wa Wanazi mwaka 1936.

Tangu ChatGPT ilipotolewa mwaka 2022, mashine zisemazo zimeenea, nazo hujibu hata kwa Kiswahili, kwa ufasaha ambao ELIZA haikuukaribia. Lakini ufasaha si dhima. Mgonjwa akipewa ushauri mbaya kwa Kiswahili safi, hapana budi awepo mtu wa kuulizwa: aliyeitunga mashine, aliyeiuza, au aliyeiweka mahali pa tabibu. Asipopatikana mtu huyo, kazi hiyo mashine haiistahili, hata ikiwa inaiweza.