Farao aliyehamishwa, na jinsi nilivyochemsha Jumamosi

Najua nimepotea, lakini wiki mbili hizi ilikuwa majaribio, semina na maandalio ya somo, mtanisamehe. Leo sina stori za foleni ya kantini. Nimekuja na historia kidogo, maana Jumamosi nilichemsha vibaya mbele ya watu watano, na historia ndiyo iliyonionyesha nilipokosea.

Mnaukumbuka ule mchezo tunaocheza chumbani kwetu, Dungeons & Dragons? Kwa wageni: mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu anaigiza mhusika wake, na mambo yakiwa magumu dadu inaamua. Waliouanzisha ni Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatoka mwaka 1974. Msimulizi anaweza kutunga kisa kichwani mwake, au anachukua kilichokwisha kuchapishwa. Mimi nilibanwa na majaribio, nikachukua kilichochapishwa. Kinaitwa Pharaoh.

Kisa chenyewe kitamu. Farao mmoja, Amun-Re, anawakamua watu wake kodi ili ajijengee kaburi ambalo mwizi hataliweza. Watu wanachoka, wanamzunguka. Anawaapia: mkiniua, mto utakauka. Mkuki unarushwa, anakufa, na mto unakauka kweli, nchi nzima inabaki mchanga. Lakini laana inamgeukia na yeye: roho yake haipumziki mpaka atokee wa kuliibia lile kaburi. Kwa hiyo wachezaji wanatumwa kuiba na marehemu mwenyewe!

Waliotunga ni mtu na mkewe, Tracy na Laura Hickman. Mwanzoni walikichapisha wenyewe tu, kwa mtaji mdogo. Tracy amewahi kusimulia kwamba alikipeleka kwa kampuni ya TSR akitafuta pesa ya viatu vya watoto. TSR wakamwambia bora aje afanye kazi kwao kabisa. Pharaoh ikatoka chini ya TSR mwaka 1982, na mwaka 1983 zikafuata sehemu mbili, Oasis of the White Palm na Lost Tomb of Martek. Jangwa lile halikuwa na majirani wa maana. Ungeweza kulibandika popote kwenye ramani yako.

Mimi sasa. Ulimwengu wetu tumeuchora wenyewe kwenye daftari tangu mwaka wa kwanza: visiwa, pwani, majahazi, miji ya mawe. Nikadesa kisa kizima, nikabadilisha majina tu. Farao akawa Sultani. Piramidi ikawa jumba la matumbawe. Mto ukabaki mto. Nikajiona fundi.

Dakika kumi hazikuisha, jamaa anayesoma Jiografia akanyoosha mkono kama yuko semina. "Kaka, mto umekauka, sawa. Visima je? Na masika haiji huko?" Kimya. Kweli, pwani yenye mvua mara mbili kwa mwaka, mto mmoja ukikauka watu watalalamika, lakini nchi haifi. Kabla sijajibu, dada mmoja aliyekulia pwani akasema, "Mimi siingii kaburini kwa mtu kuiba. Hata akiniomba mwenyewe." Ndiyo ikawa mwisho wa mchezo. Tukanywa chai na chapati, wakanicheka mpaka saa nne usiku.

Basi Jumapili nikakaa kusoma kisa hiki kilivyowahi kuhamishwa na wenyewe TSR. Mwaka 1986 Gygax aliondoka kwenye kampuni hiyo aliyokuwa mmoja wa waanzilishi wake. Mwaka 1987 TSR wakatoa ulimwengu mpya, Forgotten Realms, uliotungwa na Mkanada Ed Greenwood aliyekuwa akiuandikia hadithi tangu utotoni. Naona ulimwengu mpya ulihitaji visa vya kuujaza, na vya zamani vilikuwepo kabatini. Mwaka huohuo sehemu zile tatu zikaunganishwa kuwa kitabu kimoja, Desert of Desolation, na Amun-Re akahamia kwa Greenwood.

Angalieni walimweka wapi. Ulimwengu ule una misitu mingi, falme na miji ya bandari. Wangeweza kumwaga mchanga kidogo nyuma ya mji wowote, wasifanye hivyo. Walimpeleka mbali mashariki, kwenye jangwa la Raurin, penye magofu ya dola iliyoanguka zamani. Na jirani yake ni Mulhorand, nchi ambayo miungu yake ni ile ya Misri kabisa. Yaani kabla ya kumhamisha walimtafutia mahali ambapo mto ukikauka watu wanakufa kweli, na mfalme kuzikwa na utajiri si jambo la ajabu.

Kuna gharama pia. Jangwa lililokuwa la kila mtu likapata anwani. Msimulizi mwenye ramani yake mwenyewe ilibidi kwanza achomoe majirani wa Greenwood. Lakini mimi nimejifunza hivi: jina ni nguo tu. Kinachobeba kisa ni kile ambacho watu wa pale hawawezi kuishi bila hicho. Mimi nilihamisha nguo, moyo nikauacha jangwani.

Nikajiuliza, watu wetu wa kwenye daftari wasingeweza kuishi bila nini? Jibu liko kwenye historia yetu wenyewe. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na mji kama ule ulisimama kwa upepo. Kaskazi inaleta majahazi kutoka Arabuni na India, kusi inayarudisha. Kwa hiyo Sultani wangu sasa anajenga kaburi kwa ushuru wa bandari, na kiapo chake ni hiki: mkiniua, pepo zitasimama. Majahazi yaliyokuja hayawezi kuondoka, yanayongojewa hayafiki. Kaburi nalo litakuwa na nguzo, kama yale ya Kaole karibu na Bagamoyo.

La kuiba ndilo linanisumbua. Nimebadilisha: mali iliyomo ni ushuru aliowadhulumu watu, na atapumzika ikirudishwa kwa wenyewe. Nilimweleza yule dada jana tukitoka lekcha. Akafikiri, akasema, "Afadhali. Lakini bado ni kaburi." Sijapata jibu. Labda wahusika itabidi kwanza wawaendee wazee wa mji wakaombe ruhusa, na wazee wakikataa, hapo ndipo mchezo utakaponoga.

Nimewaza na mambo ya darasani. Mwezi ujao tunaenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na nusu ya maandalio yangu nimeyadesa kwa waliotangulia, nikabadilisha jina la shule juu. Nimeanza kuyasoma upya moja moja. Mwanafunzi wa kuniuliza "na masika je?" hatakosekana.

Haya, Jumamosi tunarudia mchezo, chapati ni juu yangu. Mwenye wazo kuhusu wale wazee anitupie. Tuko pamoja.