Kwa nini supaglu inashika fasta hivyo?
Mpelekee fundi viatu wa Kighare au Same mjini kiatu kilichoachia soli, matone machache ya supaglu yanamtosha. Siri ni unyevu. Kichupani molekyuli za sianoakrileti zimetulia. Zikikutana na maji kidogo tu, hata ya hewani, ioni yenye chaji hasi inashika molekyuli ya kwanza. Hiyo nayo inabeba chaji, inadaka ya pili, na mnyororo unarefuka ndani ya sekunde. Wakemia wanaita upolimishaji wa anioni.

Vidole vyenye jasho ndiyo vinanasa kabisa! Ila hatari zaidi ni pamba: ikilowa supaglu inachemka hadi kuunguza, kwa hiyo usifutie kanga. Umenasa? Usivute, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji, wahi hospitali.