Kiwanda cha Meli Kisumu: Mali ya Jeshi ni ya Nani?

Sisi wa Mombasa tumeuzoea ukuta wa jeshi la wanamaji kule Mtongwe. Nilipofika Kisumu na kukiona kiwanda cha meli kando ya Ziwa Victoria, nilijiuliza swali lile lile la nyumbani: ardhi hii ni ya nani, na raia ana haki gani akisimama nje ya lango?

Kiwanda hicho, kilikoundwa MV Uhuru II, ni cha Kenya Shipyards Limited, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 2020 chini ya Wizara ya Ulinzi. Bandari ya Kisumu nayo iko chini ya Halmashauri ya Bandari (KPA). Ufuo mmoja, wakubwa wawili.

Jeshi halimiliki ardhi kama mtu na shamba lake. Kwa Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010, ardhi inayotumiwa na chombo cha serikali ya kitaifa ni ardhi ya umma. Serikali hiyo huishika kwa niaba ya wananchi, nayo Tume ya Taifa ya Ardhi huisimamia. Ziwa lenyewe ni hivyo hivyo. Haiuzwi wala kugawiwa ila kwa kufuata sheria ya Bunge.

Kaunti je? Jedwali la Nne limeipa feri na bandari, isipokuwa udhibiti wa uchukuzi wa meli wa kitaifa na kimataifa. Ulinzi ni wa serikali ya kitaifa, kwa hivyo gavana hana amri ndani ya kambi.

Ndani yake, sera na usimamizi wa jumla ni wa Baraza la Ulinzi, ambalo mwenyekiti wake ni Waziri wa Ulinzi, si jenerali. Kifungu cha 239 kinaviweka vyombo vyote vya usalama chini ya mamlaka ya kiraia.

La muhimu kwa mvuvi ni Kifungu cha 40. Serikali ikitwaa ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, humlipa fidia ya haki, bila kuchelewa. Hata aliyekaa kwa nia njema bila hatimiliki anaweza kufikiriwa fidia.

Basi, ndugu zangu wa Pwani, ukuta unaweza kukuzuia kuingia. Haukuzuii kuuliza, wala kwenda mahakamani.