Nomino dhahania: u- si kipimo

Wanafunzi wengi wa Maretadu, wilayani Mbulu, huanza na Kiiraqw nyumbani, husoma kwa Kiswahili shule ya msingi, kisha sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Wakitakiwa kutaja nomino dhahania, hukimbilia u- ya upendo, uhuru na umaskini. Lakini ugali, ukuta na ufagio navyo vinaanza na u-, na vinashikika.

Kipimo cha kweli, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia, ni milango mitano ya fahamu. Katika sentensi “The smell of garlic gave her hope”, harufu ya kitunguu saumu haishikiki, ila pua huinasa; basi “smell” na “garlic” ni nomino za vitu halisi. “Hope”, yaani tumaini, halionekani wala halinusiki: hilo ndilo dhahania.

Walimu, tangulizeni maana, umbo la neno lifuate.