Klampu kuukuu yenye vipuri pungufu: itambue na uirudishe kazini

Je, wewe ni seremala, mkimbizi au mwenyeji, na umepata klampu ndefu ya chuma kati ya zana za mitumba? Usiiuze kama chuma chakavu kabla ya kuikagua. Mara nyingi kilichopotea ni kipande kidogo ambacho fundi wa karibu anaweza kukitengeneza. Bila klampu, fremu ya mlango au dirisha huachia kwenye viungio kabla gundi haijakauka.

Itambue kwanza

Tafuta jina kwenye vichwa vyake. "Record" ilitengenezwa Sheffield, Uingereza; "Jorgensen" ni ya Marekani. Klampu za zamani za nchi hizo zilitengenezwa kwa vipimo vya inchi, na inchi 1 ni milimita 25.4. Kwa hiyo pima kabla ya kununua kipuri.

Kisha angalia kichwa kinachoteleza. Kama baa ina matundu, kichwa hicho hufungwa kwa pini. Kama haina, huenda hushikwa na visahani vyenye springi vinavyong'ata baa.

Nini kimepotea?

- Pini: Tundu la inchi 3/8 ni kama milimita 9.5, hivyo nondo ya milimita 10 haliingii. Chukua nondo laini, lipunguze kwa tupa mpaka lipite bila kulegea. Usitumie msumari: hupinda au kukatika klampu inapokazwa.
- Mpini: Pitisha kipande cha chuma cha duara kwenye tundu la skrubu, kisha ponda ncha zote mbili kwa nyundo kisichomoke.
- Kizuizi cha mwisho wa baa: Funga boliti na nati kwenye tundu la mwisho ili kichwa kisianguke.
- Skrubu au nati yake: Hesi zake huwa pana kuliko za boliti za kawaida. Usilazimishe nati ya dukani. Peleka kwa fundi wa kukereza vyuma.
- Visahani: Ni vigumu kutengeneza. Tafuta klampu mbovu ya aina ileile uvitoe humo.

Ondoa kutu

Loweka vipande vidogo vya chuma kwenye siki usiku kucha. Visugue, visuuze, vikaushe mara moja na uvipake mafuta. Weka grisi kwenye hesi. Paka nta ya mshumaa kwenye baa ili gundi isigande.

Tahadhari

- Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Usiipige msasa ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza, fanyia kazi nje, na uwaweke watoto mbali.
- Usichomelee kichwa kilichopasuka. Vichwa vingi vilimiminwa kwenye kalibu, na moto wa kuchomelea huweza kuongeza ufa. Tafuta kichwa kingine.

Ijaribu kabla ya kuitumia

Bana vipande viwili vya mbao chakavu, kaza polepole na usimame kando. Viache kwa saa moja. Kama pini haijapinda na kichwa hakijarudi nyuma, klampu yako iko tayari kwa kazi ya mteja.