Gari la kuchezea lililobeba kamera: historia fupi ya sinema yetu

Leo tuzungumze juu ya sinema. Mtu anaweza kuuliza: vita haijaisha, chakula hakitoshi, sinema ni ya nini? Ni swali la haki. Historia ya Wakongomani wenyewe inalijibu.

Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, kamera ilikuwa mikononi mwa serikali na wamisionari. Katika miaka ya 1950, padri Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai filamu fupi za kuchekesha, za Matamata na Pilipili. Wachezaji walikuwa Wakongomani na raia walizipenda sana. Lakini aliyechagua nini kionekane alikuwa padri.

Baadaye watoto wa nchi wakaishika kamera wenyewe. Mwezé Ngangura, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1950, alitengeneza kwanza filamu fupi juu ya mchoraji Chéri Samba. Mwaka 1987, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, akatoa « La vie est belle ». Humo Papa Wemba anacheza mtu wa kijijini anayekwenda Kinshasa kutafuta maisha katika muziki. Filamu hiyo haizeeki: wanaoipenda wanaitazama tena na tena, na mwisho wake wanaujua. Mwaka 1999 Ngangura alipata zawadi kubwa ya tamasha la FESPACO, kule Ouagadougou, kwa filamu « Pièces d'identités ».

Sasa tuje kwa mtoto wa Goma. Kiripi Katembo alizaliwa hapa mwaka 1979, akasomea sanaa Kinshasa. Kupiga picha barabarani huko ni kazi ngumu, maana wengi hawapendi kupigwa. Mwaka 2008 Kiripi aliweka kamera ndogo kwenye gari la kuchezea, msichana mdogo akalivuta kwa kamba katika mitaa. Ndiyo filamu fupi « Voiture en carton ». Ndani yake tunauona mji mkuu kutoka chini, mahali ambapo hata wakubwa wa serikali ni miguu tu kama sisi.

Mwaka 2010, filamu fupi za Kiripi, Dieudo Hamadi na Divita Wa Lusala zilikusanywa pamoja na kuonyeshwa katika tamasha la Berlin, Ujerumani. Moja inaonyesha wamama wa Kinshasa waliokwisha kuzaa lakini wanazuiliwa hospitalini mpaka walipe. Nani kati yetu hajui habari hiyo? Kiripi alikufa kwa malaria mwezi Agosti 2015, akiwa na miaka 36.

Hamadi, mtoto wa Kisangani, aliendelea. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wake, na raia wengi wakauawa au wakakatwa viungo. Hamadi aliwafuata waliojeruhiwa wakisafiri kwa mto hadi Kinshasa kudai fidia. Mwaka 2020 filamu hiyo ilichaguliwa na tamasha la Cannes, Ufaransa. Filamu haimrudishii mtu mguu wake. Lakini aliyeitazama hawezi tena kusema kwamba hakujua.

Ndiyo maana tunawaambia vijana wenye simu kambini: msingoje kamera kubwa. Familia nyingi zilikimbia bila kubeba hata picha moja ya nyumba yao. Kaeni na bibi, mwombeni ruhusa, arekodiwe akieleza shamba lake, jirani zake na njia mliyopita. Kama kuna hatari, uso wake usionekane. Andikeni tarehe na mahali, kisha mtunze nakala mbili. Matamasha yatakuja au hayatakuja. Bibi hatakuwa nasi siku zote.